Taa za gari lako, macho ya mwenzako

Kwa kawaida mimi hutumia ukurasa huu kuwakosoa wengine: makanga wasiorudisha chenji, majirani wapigao redio usiku wa manane, na watoto wasiojua njia ya kwenda jikoni. Leo zamu ni yangu. Nimekuja kuungama.

Jumatatu moja, majuma saba yaliyopita, nyumba yangu iliamkia chai ya mkandaa, au strungi kama vijana wanavyoiita. Sababu ni kwamba mzee wetu wa maziwa hakufika. Mzee huyo hufika huku kwetu Ruai kila alfajiri na baiskeli yake, mitungi miwili imefungwa nyuma kwa mpira, na kwa miaka tisa sijamwona akikosa, iwe mvua, iwe baridi ya Julai. Mama watoto aliniambia, "Huyo ni mgonjwa. Nenda ukamwone."

Jioni nilikwenda. Nilimkuta ameketi nje ya chumba chake, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Nilimpa pole na kumwuliza yaliyomsibu. Alinieleza kwamba Jumapili usiku alikuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli katika ile barabara yetu ya vumbi, na gari likatokea mbele yake.

"Halikuwa na mbio," alisema. "Lakini taa zake, mwanangu! Nyeupe kama jua lililoshuka barabarani. Sikuona njia, sikuona mtaro, sikuona hata mikono yangu mwenyewe. Nilijikuta chini, baiskeli juu yangu."

Wasomaji, maji ya kunywa niliyokuwa nimekaribishwa yalinikwama kooni. Jumapili usiku, mwendo wa saa mbili na nusu, gari lililopita katika barabara ile likiwa na taa nyeupe kama jua lilikuwa langu.

Zawadi ya kijana

Ili mnielewe, hebu turudi nyuma kidogo. Nina Toyota kuukuu ambayo imenisomeshea watoto. Kwa miezi mingi nilikuwa nikilalamika mezani kwamba usiku sioni vizuri, kwamba taa za gari ni kama mishumaa. Kifungua mimba wangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu na mjuzi wa kila jambo, alinisikia. Akaweka akiba kutokana na pesa zake za matumizi, akapanda matatu hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na kuniletea balbu mbili za LED ndani ya sanduku la kupendeza. Jumamosi moja alizifunga mwenyewe hapo uani kwa nusu saa. Hakuita fundi wala hakukata waya. Alitoa za zamani na kuchomeka mpya.

Usiku ule tuliwasha. Ukuta wa jirani uling'aa hata tukaweza kuhesabu matofali. Mtoto mdogo alipiga makofi. Nilimshika kijana bega nikamwambia, "Umenifaa, mwanangu." Na nilisema hivyo kwa dhati.

Jumapili yake tulikwenda Tala kuwaona wazee. Tulirudi jioni, buti ikiwa imejaa gunia la mahindi, maembe na mkungu wa ndizi. Kuanzia Tala hadi Joska, na kuanzia Joska hadi Kamulu, kila dereva niliyekutana naye alinipigia taa. Nami, kwa hasira, niliwarudishia. "Madereva wa siku hizi hawana adabu!" nilimwambia mama watoto. Yeye, kwa hekima yake, alisema, "Wote? Hata huyu wa lori? Labda ni wewe." Sikumjali. Nyani haoni kundule.

Mwanga usio na mpaka

Baada ya kutoka kwa mzee, sikulala. Kesho yake nilimwita kijana, tukaketi na kuuliza, tukasoma, na kumwendea fundi mmoja wa umeme wa magari ambaye ameifanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Tuliyojifunza ndiyo ninayotaka kila mwenye gari, na kila kijana mwenye bisibisi, ayajue.

Watu wengi hudhani taa ya gari ni kama taa ya nyumbani, kwamba ukiweka balbu kali zaidi basi umepata taa bora zaidi. La hasha! Taa ya mbele ya gari ni balbu na bakuli linalong'aa ndani yake, viwili vilivyotengenezwa kama kufuli na ufunguo. Balbu yangu ya zamani ni aina iitwayo H4, ambayo imekuwa katika magari tangu 1971. Ndani yake mna nyuzi mbili: uzi wa wati 60 wa taa za mbali, ambazo madereva wetu huziita fulu, na uzi wa wati 55 wa taa za chini, yaani dimu. Chini ya ule uzi wa dimu kuna kijikombe kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuuziba mwanga usifike sehemu ya chini ya bakuli. Kwa kufanya hivyo, mwanga wa dimu hutoka ukiwa na mpaka juu yake: chini ya mpaka barabara inaangaziwa, juu ya mpaka ni giza. Macho ya dereva anayekuja, na ya mzee aliye juu ya baiskeli, yanakaa katika giza hilo. Giza hilo wamewekewa makusudi, ili waone.

Sasa, balbu ya LED haina uzi. Ina vipande vidogo vya kutoa mwanga vilivyobandikwa katika pande mbili za kijiti. Umbo lake si la uzi, na mara nyingi mahali pake si pale hasa uzi ulipokuwa. Tofauti ya milimita moja tu ndani ya bakuli inatosha kuurusha mwanga pasipotakikana. Ule mpaka unavunjika, na mwanga unapanda kwenye macho ya watu.

Isitoshe, hata mwenye gari hadanganyiki bure. Mwanga mwingi wa balbu kama hizo humwagika hapo karibu na bampa. Ardhi iliyo mbele yako inang'aa kama shuka iliyofuliwa, mboni za macho zinajikaza kwa ukali ule, na kule mbali, ambako ng'ombe anavuka, unaona kidogo kuliko awali. Unadhani unaona zaidi, kumbe unaona karibu zaidi. Na ukipita Limuru au Kinungi wakati wa ukungu, ule mwanga uliopanda juu unagonga ukungu na kurudi usoni pako mwenyewe.

Sisemi kwamba LED ni mbaya. Kampuni za magari zilianza kuziweka katika taa za dimu 2007, na wataalamu watatu wazaliwa wa Japani walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia 2014 kwa kuvumbua LED ya rangi ya samawati, iliyowezesha taa nyeupe za aina hiyo kupatikana. Lakini gari lililoundwa na LED lina taa nzima iliyochorwa kwa ajili yake. Kumvisha mtoto wa darasa la tatu viatu vya babaye hakumfanyi atembee upesi.

Zile taa za gesi ya zenoni ni vivyo hivyo, na zaidi. Ili ziwake huhitaji mshtuko wa umeme wa volti zaidi ya 20,000. Hilo si jambo la kushikashika uani huku watoto wanakimbia. Na zikiwekwa katika bakuli la balbu ya kawaida, humwaga mwanga kila upande.

Msidanganywe na nambari za sandukuni pia. Ile K mnayoiona, 4300K, 6000K, 8000K, si kipimo cha ukali wa mwanga. Ni kipimo cha rangi. Balbu ya kawaida iko karibu na 3200, rangi ya manjano kidogo. Kadiri nambari inavyopanda, ndivyo mwanga unavyokuwa mweupe kisha wa samawati, na mwanga wa samawati huyaumiza zaidi macho ya anayeukabili. Kijana wangu alikuwa amechagua nambari kubwa kwa kuamini kwamba kikubwa ni bora.

Waya na fiuzi

Kuna vijana wengine ambao hawanunui LED bali hununua balbu za H4 za wati 100. Hesabu yake ni hii, na wanafunzi wa fizikia mnisahihishe nikikosea. Balbu ya wati 55 kwa betri ya volti 12 huvuta ampea 4.6 hivi. Ya wati 100 huvuta 8.3. Waya ni ule ule uliowekwa kiwandani, lakini joto ndani yake huongezeka zaidi ya mara tatu. Kwanza soketi ya plastiki inalainika, kisha swichi inanuka, kisha fiuzi inakatika. Hapo ndipo mjuzi wa mtaani huifunga fiuzi kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya. Fiuzi iliyokatika ilikuwa inakuambia jambo. Ukiinyamazisha, usishangae gari likisema kwa moshi.

Kazi ya nyumbani inayofaa

"Sasa Baba," kijana aliniuliza, "ulikuwa huoni kwa nini?" Swali hilo lilitakiwa kuulizwa kabla ya safari ya Kirinyaga. Fundi alikuwa ameligundua jibu kwa kupitisha kidole tu juu ya taa: kifuniko cha plastiki kilikuwa kimefifia na kuwa cha manjano kwa ajili ya jua la miaka mingi. Balbu ilikuwa nzima. Dirisha ndilo lililokuwa chafu.

Basi Jumamosi iliyofuata tulirudisha balbu za H4 na kufanya kazi ifuatayo, ambayo familia yoyote inaweza kuifanya.

Kwanza, osha taa kwa maji na sabuni, kisha bandika utepe wa karatasi kandokando ili usichubue rangi ya gari. Chukua msasa wa maji wa nambari 1000 na usugue huku ukimwagia maji. Utaona maziwa ya manjano yakitiririka. Kisha tumia nambari 2000, halafu 3000. Taa itaonekana na ukungu, usiogope. Malizia kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Mwisho, na hapa ndipo wengi hukosea, paka vanishi maalumu ya kuzuia miale ya jua, la sivyo manjano yatarudi baada ya miezi michache. Dawa ya meno? Naam, inang'arisha kidogo, lakini ni kwa muda mfupi tu.

Pili, angalia waya wa kuunganisha taa na bodi la gari. Ukiwa na kutu, umeme haufiki wote. Balbu ya uzi ni nyepesi kulegea: ikipungukiwa na sehemu moja ya kumi ya volti, hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga wake. Brashi ya waya na dakika kumi zinaweza kukupa mwanga ambao ulitaka kuununua kwa maelfu. Anayetaka zaidi amwombe fundi aweke waya mnene wenye rilei, ili balbu ya kawaida ipate umeme wake kamili kutoka kwa betri.

Tatu, balbu zikichoka, badilisha zote mbili pamoja, taa zikiwa zimezimwa na kupoa. Usiguse kioo cha balbu kwa vidole. Mafuta ya ngozi hukifanya kipate joto mahali pamoja na kuharibika mapema.

Ukuta na kipande cha chaki

Nne, na hili ndilo kubwa, elekeza taa zako. Egesha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Magurudumu yawe na upepo wa kutosha, na mtu akae katika kiti cha dereva. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, na uweke alama ya chaki ukutani kwa urefu huo huo. Tuseme ni sentimita 65. Kisha weka alama nyingine sentimita 10 chini yake, yaani 55. Washa dimu. Ule mpaka wa mwanga na giza unapaswa kukaa kwenye alama ya chini, na upande wa kushoto upande kidogo kuangazia kando ya barabara. Ukikaa juu, zungusha skrubu ya kuelekezea taa, iliyo nyuma yake, kwa bisibisi, polepole, upande mmoja baada ya mwingine.

Nimetaja kushoto kwa sababu sisi huendesha kushoto. Ukinunua taa kuukuu iliyotolewa katika gari la nchi wanakoendesha kulia, mwanga wake utapanda kulia, moja kwa moja machoni pa anayekuja. Ikague ukutani kabla hujalipa.

Na je, mnalikumbuka gunia langu la mahindi? Buti ikijaa, nyuma ya gari hushuka na pua hupanda, na taa hupanda nayo. Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye nambari 0 hadi 3. Kazi yake ni hiyo hiyo: ukibeba mzigo, teremsha taa. Miaka yote niliyomiliki magari, nilidhani ni ya kuongeza mwanga wa dashibodi. Kumbe Jumapili ile nilikuwa na makosa mawili, balbu na mahindi.

Za nyuma nazo

Vijana, msisahau taa za nyuma. Kuna mtindo wa kuzipaka rangi nyeusi ili gari lionekane la kishujaa. Taa ya breki ya kawaida ina wati 21 na ile ya nyuma wati 5. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia aliye nyuma kwamba unasimama. Ukizipaka masizi, unamnyima habari hiyo. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kuchelewa kukuona ni urefu wa matatu kadhaa.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe katika hali isiyohatarisha watu. Lakini mimi siwaombi mwogope polisi. Katika barabara zetu, watembea kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa. Hao hawana taa za kukupigia ukiwaumiza macho. Dereva wa lori alinionya. Mzee wa maziwa angenionya kwa nini?

Kuungama

Yamebaki maungamo yenyewe. Mzee hakujua gari lile lilikuwa la nani. Ningeweza kunyamaza, nimpelekee matunda, nimwite jirani mwema. Usiku mmoja niliwaza hivyo, na ninaona haya kuandika.

Jumatano jioni nilimchukua kijana, tukaenda pamoja. Nilisema, "Mzee, gari lile lilikuwa langu." Kijana akadakia, "Na balbu niliziweka mimi." Mzee alitutazama kwa muda. Kisha akasema, "Nilidhani lilikuwa la wageni." Maneno hayo tu. Nawaambia, afadhali angenitukana.

Gharama za hospitali nimelipa. Lakini maziwa je? Daktari alisema plasta ikae majuma sita, na wateja wa maziwa hawangoji majuma sita. Kijana alijitolea mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya masomo, aliichukua baiskeli ya mzee, tukiwa tumeibandika vipande vya kurudisha mwanga na kuifunga taa nyekundu nyuma, akagawa maziwa nyumba kwa nyumba.

Asubuhi ya tatu alirudi na goti limechubuka. Gari lilimkabili kwenye kona, akateleza mchangani. Alikaa mezani kimya, kisha akasema, "Baba, ukiwa ndani ya gari huwezi kujua." Nilimmiminia chai.

Plasta ya mzee ilitolewa juma lililopita. Anasema vidole bado ni vigumu asubuhi, lakini amerudi barabarani. Zile balbu za LED ziko sandukuni mwake juu ya kabati. Kijana alitaka kumwuzia mwenzake chuoni apate kurudisha pesa zake. Nikamwuliza mwenzake anapitia barabara gani usiku, na huko kuna mzee gani wa maziwa. Hakuziuza.

Leo jioni, msomaji, kabla ya kulala, liegeshe gari mbele ya ukuta, washa dimu, kisha toka nje utembee mita 10 ugeuke ulitazame, umechutama kidogo kama aliye juu ya baiskeli. Ukilazimika kufumba macho, unajua la kufanya.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.